Mboga Nyuma ya Chumba cha Kupanga

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, hata nikiwa kanisani katikati ya mahubiri. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda mbele ya chumba tulichopanga pale Makambako, mguu wa kulia umefungwa hogo gumu la plasta kutoka gotini hadi vidoleni, natazama watu wakipita barabarani. Nilikuwa nimewatazama tangu asubuhi, na jana yake, na juzi yake. Mama mwenye nyumba akatoka na ufagio wake, akafagia uwanja hadi karibu na kigoda changu, kisha akasimama. Tulimwita Mama Yudita. Alikuwa mjane, marehemu mumewe alifanya kazi relini, na ile nyumba ya vyumba vya mstari ndiyo aliyomwachia.

"Lameki," akaniambia, "kilichovunjika ni mguu. Mikono nayo ina nini?"

Hakungoja nijibu, akaendelea kufagia.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ujue mguu ule ulivunjikaje. Nilikuwa kijana, nimetoka kwetu Kifanya, kazi yangu kubeba magunia. Malori yakija kupakia viazi na mahindi ya kwenda Dar es Salaam, sisi ndio tuliopandisha mzigo. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na ubao wa kupandia ulikuwa na utelezi, nami nina gunia la viazi mgongoni. Nilianguka mimi kwanza, gunia likanifuata. Rafiki yangu Petro, Mkinga wa Makete niliyekuwa nikibeba naye kila siku, ndiye aliyenikimbiza hospitali. Daktari akasema mfupa utaunga vizuri, ila nisiukanyage kabisa mpaka yeye mwenyewe aniruhusu.

Wakati huo mke wangu, Vumilia, alikuwa mjamzito, na ndoa yetu bado changa. Aliuza chai na maandazi karibu na stendi. Nilipoanguka mimi, yeye akawa ndiye anayetulisha wote, mimba tumboni na birika mkononi. Huwezi kujua jinsi mwanamume anavyojisikia akimwona mkewe anatoka na giza la asubuhi kwenda kuwasha moto, naye amelala kama gogo, mpaka likupate. Naomba lisikupate.

Sasa siku chache baada ya Mama Yudita kuniuliza habari za mikono, Vumilia alirudi kutoka kliniki. Aliweka kanga yake kitandani, akakaa, akaniambia. Muuguzi alikuwa amempima akamwambia damu yake ni kidogo mno kwa mama mjamzito. Alimpa vidonge, lakini akamsisitizia kwamba vidonge peke yake havitatosha. Ale mboga za majani kila siku, ale maharage, ale dagaa, na yai likipatikana. Akiendelea hivyo alivyo, siku ya kujifungua inaweza kuwa na hatari. Akamaliza kunieleza, akatabasamu kidogo akasema kwamba kula kila siku ni rahisi kwa anayesema.

Mboga sokoni zilikuwepo, tena tele. Ila mimi nilikuwa mbeba mizigo, nilijua yanayopita kwenye yale malori. Nilishusha matenga ya nyanya zenye madoa meupe ya dawa ambayo hayajakauka vizuri. Niliwasikia wenyewe wenye mali wakisema wamepuliza jana ili ziingie mjini zikiwa zinang'aa. Kumlisha mama mjamzito vitu vile, tena kwa kubahatisha, moyo ulikataa.

Ndipo nikakumbuka uwanja wa nyuma kwa mama yangu kule Kifanya. Sisi tulipokuwa wadogo hatukuwahi kununua mboga. Jikoni kwa mama walikuwa wakikimbizana simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia, wakila maganda ya viazi na majani ya mahindi. Kila asubuhi mama alifagia vinyesi vyao akavimwaga kwenye lundo nyuma ya jiko, pamoja na majivu na majani makavu. Lile lundo likiiva, lilirudi kwenye matuta. Kutoka mlango wa jiko hadi mboga ilikuwa hatua za mtoto, na ugali ukiwa tayari unasongwa ndipo mtu alipotumwa kuchuma. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ni elimu. Tulidhani ndivyo dunia yote inavyoishi.

Nyuma ya chumba chetu palikuwa na kipande cha ardhi chenye upana wa kitanda, kati ya ukuta na ua wa mabanzi. Kilijaa vipande vya tofali na mabaki ya saruji. Nikatandika chini salfeti kuukuu, mfuko wa nailoni wa kubebea mizigo, nikakaa, mguu wangu mgumu nimeunyoosha mbele kama mpini wa jembe, nikaanza kuokota tofali moja moja na kuchimbua kwa panga butu. Nikimaliza mahali, najisogeza kwa makalio. Wapangaji wenzetu walipita wakicheka, nami nilicheka nao, maana nadhani nilifanana na mtu anayefukua hazina.

Petro akaniletea salfeti tupu kutoka sokoni, na udongo mweusi wa chini ya miti ya miwati kwa mkokoteni. Jumapili moja, kwa kunipenda kwake, akaniletea na samadi. Hakuniuliza ni samadi gani ninayotaka. Aliitoa moja kwa moja kwenye banda la nguruwe la jirani yake, mbichi, akaimwaga nyuma ya nyumba jua likiwa la utosi. Na Makambako unaijua kwa upepo. Kabla ibada ya pili haijatoka, nyumba nzima ilikuwa imepata habari.

Mama Yudita alirudi kutoka kanisani na kitabu chake cha nyimbo kwapani, akasimama getini, akavuta pumzi, akaja moja kwa moja nyuma. Alitazama lile lundo, akanitazama mimi niliyekaa kando yake, Petro akiwa amesimama nyuma yangu. Hakupandisha sauti. Alisema nyumba yake haijawa zizi, na kwamba mpaka Jumamosi anataka kuona uwanja ukiwa kama alivyonipangisha, vinginevyo tutafute pengine pa kukaa. Alitueleza na sababu. Miaka ya nyuma aliwahi kuwaruhusu wapangaji walime. Mmoja akapanda maboga, mche ukatambaa hadi kwenye dirisha la mwingine, ukazaa boga huko. Wale kina mama wawili wakagombania lile boga mpaka wakafikishana kwa balozi wa nyumba kumi, na mwishowe wakahama wote. Tangu siku hiyo aliapa kwamba katika uwanja wake hautaota hata unyasi, na ndiyo sababu alifagia kila asubuhi.

Kabla sijajitetea, Vumilia akatoka ndani. Alipiga goti kidogo kama tunavyowaheshimu wazazi, akasema, "Mama, samahani kwa harufu. Nimeambiwa kliniki nile mboga, damu yangu imepungua. Mume wangu anatafuta namna."

Mama Yudita alimkabidhi Petro kitabu chake cha nyimbo, akamshika Vumilia kidevu, akaivuta ngozi ya chini ya jicho lake na kuitazama kwenye mwanga. Akalitazama na jicho la pili. Uso wake ukabadilika.

"Mweupe kama karatasi," akasema polepole. Kisha akanigeukia. "Panda. Lakini harufu hii iishe kabla ya Jumapili ijayo, na nikisikia ugomvi hata wa jani moja, mtahama na majani yenu."

Alipoondoka, Petro alikuwa bado amekishika kile kitabu kwa mikono miwili, haogopi nguruwe lakini anaogopa kupumua. Tulicheka mpaka Vumilia akatuambia tunyamaze, tusije tukasikika.

Tukachimba shimo. Nasema tukachimba, ila aliyechimba ni Petro. Mimi nilikaa ukingoni nikiongoza. Tulipanga kama nilivyomwona mama akifanya: majani makavu chini, samadi kiasi, majivu ya jiko la Vumilia, maganda, udongo juu, halafu tena. Tukafunika na majani ya migomba na salfeti. Harufu ikaisha. Tukaliacha lile shimo lipoe kwa wiki nyingi, kwa maana samadi mbichi ina moto, ukiiweka kwenye mche inauunguza. Kwa kuanzia nikatumia ule udongo wa miwati peke yake.

Mbegu zilitoka kwa mama. Alimpa kondakta wa basi la Njombe kitambaa chenye vifundo, kila kifundo na mbegu yake: figiri, mchicha, mnafu, maharage, vitunguu vya majani. Kifundo cha mwisho kilikuwa cha mbegu za maboga. Hicho nilikificha chini ya godoro.

Mwanangu, usidhani kila kitu kiliota. Makambako upepo ukishika miezi ile ya ukame, unakausha udongo huku unautazama. Miche ya kwanza ya mchicha ililala yote siku moja, ikabidi nianze upya na kuweka nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu usiondoke. Bomba nalo lilitoka maji siku linayopenda. Basi tukaanza kutunza maji: ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Wapangaji wenzetu waliokuwa wakiyamwaga barabarani waliniona nikijikokota na kopo langu, wakaanza kuniletea mabeseni yao. Sikuwaomba. Nafikiri mtu akiona jani la kijani kwenye uwanja uliokuwa mtupu, mkono wenyewe unaona aibu kumwaga maji bure.

Kisha wakaja viwavi. Nilikuwa nimepanda kabichi chache, ndizo nilizojivunia kuliko vyote, na asubuhi moja nikazikuta zina matundu kama chujio la chai. Petro akaja na kichupa cha dawa kutoka duka la pembejeo, akasema ni ya uhakika, napuliza leo, kesho nimesahau habari za wadudu. Nilikishika kile kichupa kwa muda mrefu. Nilizitamani zile kabichi. Lakini nilimwona Vumilia akichuma mnafu pembeni, tumbo limemtangulia, nikamrudishia Petro kichupa chake. Nikaanza kuokota viwavi kwa vidole asubuhi na jioni, nikawa nawapa kuku wa jirani. Nikaponda pilipili kichaa na vitunguu saumu, nikaviloweka kwenye maji yenye sabuni kidogo, nikanyunyiza. Nikatia na majivu kwenye majani. Kabichi sikuziokoa, nisikudanganye. Moja tu ndiyo iliyofunga, nayo ilikuwa ndogo kama ngumi. Lakini figiri zilipona, mnafu haukuguswa kabisa, na mchicha wa mara ya pili ukaja kama vile ulikuwa unatutania. Vumilia akawa anakula mboga kila siku, na kile alichokuwa akinunulia mboga akanunulia dagaa na mayai.

Hapo ndipo tukaanza kuibiwa.

Si wizi mkubwa. Tunalala tukiwa na tuta zuri la mnafu, tunaamka tunakuta machipukizi yamekatwa, yamekatwa vizuri kwa kucha, sehemu inayotakiwa, ili mche uchipue tena. Mwizi alikuwa anajua kuchuma. Vumilia akaingiwa na hofu. Tukiuliza, mpangaji mmoja atamshuku mwenzake, maneno yataanza, na Mama Yudita alikwisha kutuonya. Mtoto alikuwa amebakiza muda mfupi kuzaliwa. Kuhama katika hali ile, na mguu ule, hatukuweza hata kufikiria. Tukakubaliana kunyamaza na kupanda zaidi.

Asubuhi moja, ukungu bado umelala juu ya mabati, nilitoka na magongo yangu kwenda uani. Nilipozunguka pembe ya nyumba nikaona mgongo wa mtu ameinama kwenye tuta la mnafu. Kanga yake ilikuwa imekunjwa mbele ikajaa majani. Nikakohoa. Akainuka taratibu, na alipogeuka nikamwona Mama Yudita.

Mwizi wa kawaida ningemkemea. Huyu nikajikuta namwamkia kwa lugha ya kwetu, kama vile tumekutana njiani.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene," akaitikia. Akatazama bomba lililokuwa ng'ambo kabisa ya uwanja. "Nilikuja kuangalia kama maji yanatoka."

Tukatazama wote wawili kwenye bomba. Halikuwa linatoka. Kisha tukatazama kanga yake. Sijui nani alianza, lakini midomo yake ilitikisika, na yule mama ambaye sikuwahi kumwona hata akitabasamu alicheka hadi akakaa juu ya lile rundo la tofali zangu, machozi yanamtoka, majani yakimwagika miguuni.

Alipotulia akanieleza. Mnafu ndio mboga aliyoizoea tangu utotoni, na ule wa sokoni humfikia mkononi umenyauka. Tangu ameanza kuuona wetu kupitia dirisha lake la nyuma, hamu ilimshika. "Nisingeweza kuomba kitu nilichokikataza mwenyewe," akasema. "Ningekutazamaje usoni?"

Nikamwambia ardhi ni yake, na mboga zipo za kututosha. Ila nikamwomba jambo moja: asichume tena kwa kujificha, kwa sababu mke wangu hapati usingizi akidhani tutafukuzwa. Nilimwona jinsi neno lile lilivyomwingia. Aliokota yale majani yaliyomwagika, akayafunga vizuri kwenye kanga, akaingia ndani.

Nilirudi chumbani nikamsimulia Vumilia, naye akanilaumu kwamba nimeongea sana. Tulikuwa bado tunabishana kwa kunong'ona tuliposikia jembe. Tukachungulia. Mama Yudita alikuwa mbele ya nyumba, kwenye ule uwanja wake unaong'aa kama sakafu, analima. Wapangaji walitoka mmoja mmoja na miswaki mdomoni, wakasimama wakidhani amepoteza pete. Alifika hadi getini ndipo akaegemea mpini akatutangazia. Kila chumba kitapata tuta lake na atapima kwa kamba. Maji ya vyombo hayamwagwi tena barabarani. Na maboga yatapandwa kwenye ua wa nyuma, nayo yatakuwa mali yake peke yake. Likiiva moja atalipasua mbele ya watu wote na kila mlango utapata kipande. Mwenye swali aulize sasa hivi.

Mimi nikainama chini ya godoro nikatoa kile kifundo.

Vumilia alipopimwa kwa mara ya mwisho kabla ya kujifungua, muuguzi alitazama majibu, akatazama jina tena kuhakikisha ni la mtu yule yule. Alijifungua salama mtoto wa kike, tukamwita Tumaini. Mama Yudita ndiye aliyekuja kumkanda maji ya moto na kumpikia, na kila bakuli alilolileta lilikuwa na kitu cha kijani. Mguu wangu uliunga. Nilirudi kwenye magunia, baadaye nikapata kiwanja hapa kijijini Yakobi, na kitu cha kwanza kuingia katika kiwanja hiki, kabla ya msingi wa nyumba, kilikuwa shimo la mboji.

Sasa, mwanangu, nimekueleza yote hayo kwa sababu nawaona mnavyoishi. Hapa Njombe kijana ana ekari za parachichi za kupeleka Ulaya, halafu jioni anapanda bodaboda kwenda mjini kununua fungu la mchicha asioujua umelimwaje. Parachichi ni nzuri, panda. Lakini usiache mlango wa jiko lako ukiwa mkavu.

Anza na kidogo, hata salfeti mbili. Panda kile unachokula kweli, usipande cha kuonyesha wageni. Usitupe ganda wala jani wala majivu, vyote ni chakula cha udongo; vipe tu muda viive, usiwe na haraka kama Petro na mimi. Udongo usiuache uchi juani, ufunike. Changanya mimea, tia vitunguu katikati ya mboga, wadudu hawavipendi. Na wadudu wakija, kwa sababu watakuja, waokote kwanza kwa vidole, na ukubali kupoteza kabichi kuliko kumlisha mtoto wako usichokijua. Acha mche mmoja mzuri kila msimu ukomae utoe mbegu, ili mwakani usimtegemee mwenye duka. Halafu mgawie jirani kabla hajaomba. Wapo wanaoona aibu kuomba, na si wote ni masikini. Wengine ni wenye nyumba.

Nenda salama, mwanangu. Bwana aibariki ardhi ndogo uliyo nayo izae kuliko ukubwa wake. Mvua ikufikie kwa kipimo na baridi kali ipite mbali na miche yako. Anayekula mezani kwako apate nguvu, na watoto wako wakue wakijua ladha ya jani lililochumwa sasa hivi.